Cécile DeWitt-Morette: Mwanafizikia Aliyeilipa Nchi Yake kwa Kujenga Shule

Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wazazi, walimu na wanafunzi wa shule za upili



Mwaka wa 1951, katika kijiji cha Les Houches, chini ya mlima Mont Blanc nchini Ufaransa, ilifunguliwa shule isiyofanana na shule nyingine. Haikuwa na maabara. Haikuwa na ghorofa wala lango la kifahari. Ilikuwa na nyumba za mbao mlimani, ubao, chaki, na vijana wachache waliokuja kusoma fizikia kwa miezi miwili mfululizo. Aliyeianzisha alikuwa mwanamke wa umri wa miaka 28. Hakuwa waziri, hakuwa tajiri, na hakuwa na cheo kikubwa katika chuo chochote. Jina lake lilikuwa Cécile Morette. Baada ya kuolewa aliitwa Cécile DeWitt-Morette.

Miongoni mwa vijana waliopita katika shule hiyo ni Pierre-Gilles de Gennes, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka wa 1991. Georges Charpak, aliyeipata mwaka wa 1992. Na Claude Cohen-Tannoudji, aliyeipata mwaka wa 1997. Wote watatu ni wanasayansi wa Ufaransa. Mwanamke huyo mwenyewe hakuwahi kupata Nobel, na watu wengi walio nje ya fizikia hawamjui. Mazungumzo ya leo ni juu ya maisha yake na kazi yake, kwa sababu ndani yake mna mambo yanayomgusa kila mzazi mwenye mtoto shuleni, na kila kijana anayefikiria kwenda kusoma mbali na kwao.

MASOMO WAKATI WA VITA

Cécile alizaliwa mjini Paris tarehe 21 Desemba 1922. Alikulia Normandy, eneo la kaskazini mwa Ufaransa linalopakana na bahari, karibu na mji wa Caen. Ndoto yake ya kwanza haikuwa fizikia. Alitaka kuwa daktari wa upasuaji. Lakini mambo hayakwenda hivyo, akajiandikisha katika Chuo Kikuu cha Caen kusoma hisabati, fizikia na kemia.

Wakati huo Ufaransa ilikuwa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani. Tangu mwaka wa 1940 askari wa kigeni walikuwa mitaani, chakula kilikuwa cha mgao, na kusafiri kutoka mji mmoja hadi mwingine hakukuwa jambo rahisi. Katika hali hiyo Cécile alihitimu shahada yake ya kwanza mwaka wa 1943, kisha akaenda kuendelea na masomo Paris.

Tarehe 6 Juni 1944 majeshi ya Marekani, Uingereza na washirika wao yalitua kwenye fukwe za Normandy ili kuikomboa Ufaransa. Katika historia siku hiyo inakumbukwa kama mwanzo wa ukombozi. Kwa watu wa Caen ilikuwa pia siku ya mauti. Mji ulipigwa mabomu kwa sababu ulikuwa njia kuu ya majeshi ya Ujerumani. Cécile alikuwa Paris, zaidi ya kilomita 200 kutoka nyumbani, akifanya mtihani. Siku hiyo mabomu yaliwaua mama yake, dada yake na nyanya yake.

Hapo ndipo pa kutulia kidogo na kufikiri. Msichana wa miaka 21 ameenda kufanya mtihani, na anapomaliza hana nyumba ya kurudia. Mabomu yaliyoiua familia yake yalirushwa na ndege za wale waliokuja kuikomboa nchi yake. Angeweza kukata tamaa, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini mwaka huo huo alianza kazi katika maabara ya Frédéric Joliot-Curie mjini Paris. Huyu ni yule aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 1935 pamoja na mkewe Irène, binti wa Marie Curie.

KUTOKA PARIS HADI PRINCETON

Vita vilipokwisha, Ufaransa ilikuwa nyuma katika fizikia ya nadharia. Ni vyema kueleza maana ya neno hilo. Mwanafizikia wa majaribio hupima vitu kwa vyombo. Mwanafizikia wa nadharia hutafuta, kwa kalamu na hisabati, kanuni zinazoeleza kwa nini vipimo vikawa vile vilivyo. Kazi hizo mbili hutegemeana, kama vile fundi wa ujenzi na mchoraji wa ramani ya nyumba.

Tangu miaka ya 1920 fizikia ilikuwa imebadilika kabisa. Wataalamu walikuwa wamegundua kwamba chembe ndogo kama elektroni hazifuati sheria zile zile zinazofuatwa na mpira au gari. Elimu hiyo mpya, inayoitwa fizikia ya kwanta, ilikuwa ikifundishwa Ujerumani, Denmark, Uingereza na Marekani. Katika vyuo vya Ufaransa ilifundishwa kidogo sana. Mwanafunzi angeweza kumaliza shahada yake huko bila kujifunza mambo ambayo wenzake wa nje waliyachukulia kuwa ya kawaida.

Cécile aliligundua pengo hilo kwa kutoka nje. Mwaka wa 1946 alikwenda Dublin, Ireland, kwenye taasisi ya utafiti wa juu ambako wanafizikia Erwin Schrödinger na Walter Heitler walikuwa wamepata hifadhi. Huko alifanya utafiti juu ya chembe ziitwazo mesoni, na mwaka wa 1947 Chuo Kikuu cha Paris kikamtunukia shahada ya uzamifu. Kisha akaenda Copenhagen, kwenye taasisi ya Niels Bohr. Mwaka wa 1948 Robert Oppenheimer alimwalika katika Taasisi ya Masomo ya Juu, Princeton, Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 25.

Princeton wakati huo ilikuwa mahali ambapo Einstein mwenyewe alikuwa bado anaonekana akitembea kwa miguu. Mwenzake mmoja Cécile alikuwa Mwingereza kijana, Freeman Dyson. Wote wawili walisikia habari za Richard Feynman, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliyekuwa na njia mpya ya kufanya hesabu za kwanta. Wengi hawakuielewa njia hiyo. Wengine waliidharau kwa sababu ilionekana kama michoro tu. Dyson na Cécile walipanda garimoshi wakaenda Cornell kumsikiliza Feynman mwenyewe.

NJIA ZOTE KWA PAMOJA

Kiini cha wazo la Feynman kinaweza kuelezwa hata bila hisabati. Mtu akirusha jiwe kutoka hapa hadi pale, jiwe hupita njia moja. Ukijua lilivyorushwa, unaweza kuchora njia hiyo. Chembe ndogo kama elektroni haiko hivyo. Haiwezekani kusema kwamba ilipita njia hii moja na si nyingine.

Fikiria kijiji kimoja juu ya kilima na soko upande wa pili. Kuna barabara kuu, kuna vichochoro, kuna njia za mbuzi, kuna anayezunguka mtoni. Mtu anayetoka kijijini kwenda sokoni atachagua mojawapo. Kwa elektroni, Feynman alisema, lazima uzihesabu njia zote, hata zile za kuzunguka, kila moja uipe kipimo chake, kisha ujumlishe. Baadhi ya njia hufutana, nyingine huimarishana, na jumla ndiyo inayokuambia uwezekano wa kuikuta elektroni sokoni.

Wazo hilo lilileta majibu sahihi, lakini lilikuwa na tatizo kubwa. Njia hizo hazina idadi. Zinajumlishwaje? Mwanahisabati yeyote makini angeuliza hivyo, na jibu halikuwa tayari. Hilo ndilo swali ambalo Cécile alilishika. Mwaka wa 1951 alichapisha makala katika jarida la Marekani la Physical Review, akionyesha namna ya kuifafanua jumla hiyo na namna ya kuikadiria. Kipimo kimoja kinachotumika katika hesabu hizo hadi leo kinabeba jina lake pamoja na la mwanafizikia Van Vleck.

Hakuliacha swali hilo maishani mwake mwote. Mwaka wa 2006, akiwa na miaka 83, alitoa kitabu kikubwa juu ya mada hiyo hiyo akishirikiana na mwanahisabati Pierre Cartier. Zaidi ya miaka 50 ilipita kati ya makala ya kwanza na kitabu hicho. Vijana wanaokata tamaa wakishindwa na swali moja la hisabati kwa jioni moja wana la kujifunza hapo.

DENI KWA NCHI YAKE

Huko Princeton Cécile alikutana na Mmarekani kijana, Bryce DeWitt, naye mwanafizikia wa nadharia. Bryce alimposa. Jibu la kwanza lilikuwa hapana.

Sababu yake haikuwa kwamba hampendi. Cécile alijiona ana deni. Nchi yake ilikuwa imevunjwa na vita, vyuo vyake vilikuwa nyuma, na wenye elimu kama yake walikuwa wachache. Kuolewa Marekani na kuishi huko kungekuwa sawa na kuondoka na kisima wakati kijiji kina kiu. Aliwaza jambo hilo, akapata suluhisho: angeolewa, lakini kwanza angehakikisha Ufaransa imepata kitu chenye thamani kuliko kuwapo kwake. Kitu hicho kilikuwa shule ya majira ya joto, ambapo vijana wa Ufaransa na wa nchi nyingine wangefundishwa fizikia mpya na wale wale wanaoivumbua.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Cécile hakuwa na fedha. Alichokuwa nacho ni kuwajua watu, ari, na miguu ya kwenda ofisi hadi ofisi. Alitafuta mahali, akapata nyumba za mbao huko Les Houches, katika bonde la Chamonix. Alitafuta kibali na fedha kutoka kwa wakuu wa elimu jijini Paris. Chuo Kikuu cha Grenoble kikakubali kuwa mlezi wa shule. Walimu aliwaalika mwenyewe kwa barua. Tarehe 26 Aprili 1951 aliolewa na Bryce, na majira ya joto ya mwaka huo huo shule ikafungua milango.

MAISHA YA SHULENI

Utaratibu wa Les Houches ulikuwa rahisi, na urahisi wake ndio uliokuwa nguvu yake. Masomo yalichukua wiki nane. Wanafunzi hawakuwa wengi. Kila siku palikuwa na mihadhara mirefu, na jioni wanafunzi walikaa na karatasi zao kufanya mazoezi. Mwalimu hakuja kusoma hotuba moja na kuondoka. Alikaa wiki kadhaa, akala meza moja na wanafunzi, akapanda nao mlima siku ya mapumziko. Mwanafunzi aliyeogopa kuuliza swali darasani aliliuliza njiani au mezani.

Kwa kuwa kijiji kilikuwa mbali na miji, hakuna aliyekuwa na pa kwenda. Walioanza wakiwa wageni walimaliza wakiwa wenzi wa kazi. Waliokuja kufundisha katika miaka ya mwanzo ni pamoja na Wolfgang Pauli na Enrico Fermi, wote wawili washindi wa Nobel. Fermi alifundisha huko mwaka wa 1954, miezi michache kabla ya kifo chake.

Jambo jingine ni kwamba mihadhara iliandikwa na kuchapishwa kuwa vitabu. Hivyo hata kijana ambaye hakupata nafasi ya kufika angeweza kusoma yaliyofundishwa. Vitabu hivyo bado vinasomwa. Mmoja wa mikutano inayokumbukwa zaidi ni ule wa mwaka wa 1972 juu ya mashimo meusi, yaani nyota zilizoporomoka kiasi kwamba hata mwanga hauwezi kutoka ndani yake. Stephen Hawking alikuwa mmoja wa walimu, naye alikuwa na miaka 30 tu.

Cécile aliiongoza shule hiyo kuanzia mwaka wa 1951 hadi mwaka huo wa 1972. Katika miaka hiyo 21 aliishi Marekani, akalea mabinti wanne, akafanya utafiti wake, na kila mwaka akavuka bahari kurudi mlimani kuangalia kwamba walimu wamepatikana, vitanda vinatosha na chakula kipo. Mfano wa Les Houches uliigwa kwingine barani Ulaya, na jumuiya ya NATO ilipoanza kufadhili shule za sayansi za muda mfupi ilifuata mtindo huo. Shule yenyewe ipo mpaka leo.

KANUNI ILIYOMZUIA

Ingekuwa vizuri kusema kwamba mtu aliyefanya makubwa hayo alipewa heshima yake mara moja. Haikuwa hivyo. Mwaka wa 1956 Cécile na Bryce walikwenda Chuo Kikuu cha North Carolina, mjini Chapel Hill. Januari mwaka wa 1957 ulifanyika huko mkutano juu ya nguvu ya uvutano ambao wanafizikia wanauhesabu kuwa mwanzo mpya wa somo hilo. Feynman alihudhuria. Palijadiliwa, pamoja na mengine, kama mawimbi ya uvutano yana nishati ya kweli au ni hesabu tu za kwenye karatasi. Cécile ndiye aliyehariri taarifa ya mkutano, na ni kwa sababu ya taarifa hiyo kwamba watu wanajua leo nani alisema nini. Mawimbi hayo yalinaswa na vyombo kwa mara ya kwanza Septemba 2015. Yeye bado alikuwa hai kuisikia habari hiyo.

Lakini katika vyuo vingi vya Marekani siku zile palikuwa na kanuni za kuzuia upendeleo wa jamaa, zilizokataza mume na mke kuajiriwa pamoja. Nia ya kanuni hizo ilikuwa kuzuia mtu kumwajiri ndugu yake asiyestahili. Katika utekelezaji, aliyepoteza kazi au cheo karibu kila mara alikuwa mke. Mume alipata uprofesa. Mke, hata kama alikuwa na shahada ile ile na machapisho yake mwenyewe, alipewa nafasi ya muda au cheo cha chini. Cécile alikuwa mmoja wa wanawake hao. Mwaka wa 1972 familia ilihamia Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin. Hata huko alikaa miaka mingi kabla ya kupewa uprofesa kamili. Aliupata mwaka wa 1985, akiwa na miaka 62. Shule yake ya Les Houches ilikuwa tayari na umri wa miaka 34.

Jambo hili lisipite hivi hivi. Kanuni inaweza kuandikwa kwa nia njema na bado ikamwumiza mtu asiyehusika na kosa inalolizuia. Ndiyo maana kila kanuni ya ajira, ya basari au ya nafasi za masomo inafaa kuulizwa swali moja la ziada: nani, katika hali halisi, anaachwa nje?

JANGWANI KULIKAGUA NENO LA EINSTEIN

Safari moja ya Cécile ilimleta Afrika. Einstein alikuwa ametabiri kwamba mwanga wa nyota ukipita karibu na jua hupinda kidogo, kwa sababu ya uvutano wa jua. Kawaida nyota zilizo karibu na jua hazionekani, kwa kuwa jua lenyewe linang'aa mno. Njia moja ya kuziona ni kungoja jua lipatwe kabisa na mwezi, anga liwe giza mchana, kisha kuzipiga picha upesi. Jaribio la kwanza lililofaulu lilifanywa mwaka wa 1919, na mojawapo ya vituo vyake kilikuwa kisiwa cha Príncipe, pwani ya magharibi mwa Afrika.

Tarehe 30 Juni 1973 jua lilipatwa tena, na kivuli cha mwezi kikavuka Afrika kutoka magharibi hadi mashariki. Kilianza upande wa bahari ya Atlantiki, kikapita Mauritania, Mali, Niger, Chad na Sudan, kikafika Uganda na kaskazini mwa Kenya, sehemu za ziwa ambalo wakati huo liliitwa Rudolf na leo linaitwa Turkana. Huenda wapo wazee hapa wanaokumbuka siku hiyo.

Wakati wakazi wa kando ya ziwa walikuwa wakingoja giza, Cécile na Bryce walikuwa na kikosi cha Texas huko Chinguetti, mji wa kale katika jangwa la Mauritania. Walikuwa wamejenga kibanda maalumu cha kukinga darubini dhidi ya joto, kwa sababu chuma na kioo vikipata joto hutanuka na kuharibu kipimo. Dhoruba ya vumbi ililitia anga ukungu. Giza lilidumu takriban dakika sita, na muda huo ulikuwa wote waliokuwa nao. Miezi kadhaa baadaye ilibidi nyota zile zile zipigwe picha tena mahali pale pale, usiku, jua likiwa mbali, ili picha zilinganishwe.

Pembe waliyokuwa wakiitafuta ni ndogo mno. Einstein alisema mwanga unaopita ukingoni mwa jua hupinda kwa sekunde 1.75 za pembe. Ukigawanya nyuzi moja mara 3,600 unapata sekunde moja. Ni sawa na kuitazama sarafu yenye upana wa sentimita mbili na nusu kutoka umbali wa kilomita tatu. Kwa sababu ya vumbi, nyota zilizoonekana vizuri zilikuwa chache kuliko walivyotumaini. Hata hivyo, walipomaliza kupima, walipata kwamba mwanga umepinda mara 0.95 ya kiasi alichokitabiri Einstein, na uwezekano wa makosa wa 0.11 juu au chini. Kwa maneno mengine, jibu lilikubaliana na Einstein.

Wapo walioshangaa kwa nini wanafizikia wa nadharia, waliozoea kalamu na karatasi, waende kuhangaika na mchanga. Jibu ni kwamba nadharia isiyokubali kupimwa haina tofauti na uvumi.

ALIYOACHA NYUMA

Mbali na utafiti, Cécile aliandika vitabu vya kufundishia. Kilichojulikana zaidi kilitoka mwaka wa 1977, na aliwaandikia wanafizikia hisabati wanayoihitaji. Alikiandika na wanawake wenzake wawili, Margaret Dillard-Bleick na Yvonne Choquet-Bruhat. Huyu wa mwisho alikuwa Mfaransa mwenzake, na mwaka wa 1979 alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa mwanachama wa Chuo cha Sayansi cha Ufaransa, taasisi iliyokuwapo tangu mwaka wa 1666. Hilo linaonyesha urefu wa njia ambayo wanawake hao walikuwa wakiipita.

Ufaransa haikumsahau binti yake. Ilimpa nishani ya Légion d'honneur, na baadaye ikampandisha daraja katika nishani hiyo. Bryce alifariki mwaka wa 2004. Cécile aliendelea kuandika, akakusanya na kuchapisha habari za kazi ya mumewe. Alifariki mjini Austin tarehe 8 Mei 2017, akiwa na umri wa miaka 94.

Wakazi wapendwa, maisha haya yana mambo matatu ya kwenda nayo nyumbani.

La kwanza ni kwa wasichana. Cécile hakuingia fizikia kwa sababu njia ilikuwa imesafishwa. Alitaka kuwa daktari, vita vikamzuia. Alikuwa na familia, mabomu yakaichukua. Alistahili uprofesa, kanuni ikamcheleweshea. Msichana anayeambiwa kwamba fizikia na hisabati ni masomo ya wavulana ajue kwamba sehemu ya fizikia wanayoisoma wavulana hao iliandikwa na mwanamke.

La pili ni kwa walimu na wazazi. Wanafunzi wa Les Houches hawakuwa na vifaa vya ajabu. Walikuwa na mwalimu anayelijua somo lake, aliyekubali kukaa nao na kuulizwa. Ubao, chaki na muda vipo hata katika shule isiyo na maabara. Kundi la wanafunzi wanaokutana Jumamosi kufanya maswali ya fizikia, wakiwa na mtu mmoja aliyetangulia kuwaongoza, ni mwanzo wa kutosha.

La tatu ni kwa wale waliokwenda mbali, na familia zao. Vijana wengi wa hapa wanasoma na kufanya kazi nje, na si wote watakaorudi kuishi. Cécile naye hakurudi kuishi. Lakini alijiuliza swali kabla ya kuondoka: kitu gani kibaki hapa badala yangu? Kisha akakijenga, na kwa miaka 21 akarudi kukitunza. Swali hilo halihitaji utajiri wala cheo. Kijana anayesoma uuguzi, uhandisi au ualimu mbali na kwao anaweza kujiuliza leo, na likizo moja kila mwaka ikawa jibu lake: wiki mbili katika shule aliyosomea, akiwafundisha waliobaki yale aliyoyakuta huko.

 Walimu na wanafunzi wenye maswali wayaulize sasa, bila haya. Hivyo ndivyo walivyofanya kule mlimani.